Maziwa Yaliyopita Mfongoni

Nyumbani, 14 Agosti 2024

Dada Winfrida,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Moshi. Nimempa Rachel, anayeshuka na ndizi zake sokoni, kwa sababu simu yangu hupokei, na ujumbe nikikutumia unauona na kukaa kimya. Nikaona niandike kama zamani, labda barua utaisoma mpaka mwisho.

Najua umeshasikia, na najua umesikia vibaya. Wacha nikueleze mwenyewe. Mama amesimamishwa kwenye ushirika wa maziwa. Kipimo cha mapokezi kilimkuta na maji, tena si mara moja, na mimi kama katibu ndiye niliyesoma jina lake mbele ya wanachama. Ulitaka nifanyeje? Niliruke jina kwa kuwa ndiye aliyenizaa? Kipimo kile tulikinunua mwaka huu hapo hapo dukani kwa Nikunj unakofanya kazi, ili watu waache kusema karani anapendelea mashemeji zake. Mwanamke anamimina maziwa yake pale mapokezi, namba inapita kwenye waya mpaka kwenye kompyuta ya ofisini kwangu, basi. Hakuna mkono wa mtu hapo katikati. Mashine haina ndugu.

Ninachoomba ni kidogo. Dominika, jirani yetu wa chini, naye alikutwa na maji. Alisimama akasema amekosa, asamehewe, na akasamehewa pale pale. Leo analeta maziwa kama kawaida. Mama akifanya hivyo kwenye mkutano mkuu wa mwezi ujao, yatakwisha. Asipofanya, jina linafutwa moja kwa moja, na pale usharikani akina mama wameshaanza kuulizana kama anafaa kuendelea kuwaongoza kwenye maombi. Mimi hanisikilizi. Nikiingia jikoni yeye anatoka. Wewe ni mkubwa, wewe atakusikia. Njoo umwambie akiri tu, watu waendelee na mambo yao.

Ni mimi mdogo wako,
Eliudi


Moshi, 19 Agosti 2024

Eliudi,

Barua nimeisoma mpaka mwisho, kisha nikarudia, nikitafuta mahali ulipomuuliza mama kama aliweka maji. Sijapaona.

Unamzungumzia mwanamke aliyetuchapa sote wawili kwa kuchota maziwa na kikombe kilicholowa. Ndoo yake anaikausha kwa kuifudikiza juu ya kichanja, na mvua ikitaka kunyesha anaingiza ndoo kwanza, nguo baadaye. Ungeniambia kakata mkungu wa jirani ningekaa kidogo nikafikiri. Maji kwenye maziwa, hapana. Huko kwetu mwanamke akisemwa hivyo anazeeka nalo, na wajukuu wake wanaolewa nalo, nawe unajua.

Halafu unataka mimi ndiye nikamfundishe kusema uongo mbele ya watu aliosali nao maisha yake yote. Mzee wa kanisa wewe. Dominika naye ningependa kumsikia akiwa peke yake, mbali na macho yenu, kama kweli alikosa au alichoka tu kuangaliwa.

Mashine haina ndugu, sawa. Haina akili pia. Kutwa nzima mimi nazifungua hizi mashine, na uongo wake naujua kuliko unavyojua Katekisimu. Nitumie namba zote za kipimo tangu zilipoanza kuingia kwenye kompyuta yako. Za watu wote, usinichagulie za mama peke yake. Zinakili kwenye flashi umpe Rachel. Usifute kitu. Wiki hii niko Mabogini kwenye ofisi ya skimu ya mpunga, panya wametafuna nyaya zao zote. Nikirudi nizikute.

Shikamoo yako nimeiona. Leo sina hamu ya kuiitikia.

Winfrida


Nyumbani, 25 Agosti 2024

Dada Winfrida,

Flashi hiyo hapo. Sikufuta kitu, sina cha kuficha. Nimeumia kwa jinsi ulivyoandika, lakini najua unaandika kwa uchungu wa mama, na uchungu huo hata mimi ninao, ila mimi ndiye ninayeishi naye uani.

Kila siku anamkamua yule ng'ombe, anatoka na ndoo, anakwenda nayo mpaka kwenye migomba na kuimwaga chini. Hampi mtu. Watoto wangu waliomba, akawaambia maziwa yake yana maji, wakaombe kwingine. Watu wakipita njiani wanamwona. Wapo wanaosema ni hasira, na wapo wanaosema mtu asiye na hatia hamwagi riziki. Ninasikia yote nikiwa ofisini na ninaendelea kuandika.

Kuhusu mashine usijisumbue sana. Ilitusumbua mwezi wa sita tu, ikawa inakwama asubuhi, inaandika kosa jekundu na kukataa namba, akina mama wamesimama foleni na ndoo zao, jua linapanda, gari la maziwa la Himo linapiga honi. Nikampigia Surjit wa hapo dukani kwenu, akapanda, akaitengeneza siku hiyo hiyo. Tangu hapo haijawahi kukwama. Kwa hiyo ukitafuta ubovu, huo ulishaondolewa kabla ya mama kukutwa.

Mkutano ni mwisho wa mwezi wa tisa. Wanachama wengi wananitaka nigombee uenyekiti. Nakuambia ili ulisikie kwangu.

Eliudi


Moshi, 3 Septemba 2024

Eliudi,

Nimezipitia namba zako zote. Sasa kaa chini usome polepole, kwa kuwa hili ukilielewa nusu utaniharibia.

Wewe umeangalia siku ambazo maziwa ya mama yalikuwa mepesi. Mimi nimeangalia zote. Kuna siku kipimo kinasema maziwa yake ni mazito kuliko ya ng'ombe yeyote aliyewahi kuzaliwa chini ya mlima huu. Mazito kiasi kwamba yangekatwa kwa kisu. Hakuna aliyeuliza. Siku inayofuata ni ya kawaida, halafu ghafla ni maji. Mtu anayeiba haibi namna hiyo. Hizo ni namba zilizoharibika, na za Dominika zimeharibika hivyo hivyo.

Namba ya kipimo haisafiri peke yake kwenye waya. Inafungwa kwenye kifurushi kidogo, sisi tunakiita pakiti. Kabla pakiti haijatoka, kipimo kinajumlisha vilivyomo ndani na kuandika hiyo jumla pembeni. Kompyuta yako ikiipokea inajumlisha upya. Jumla mbili zikipishana, ina maana kitu kimeharibika njiani, basi kompyuta inaitupa pakiti na kuomba nyingine. Ndiyo hilo kosa jekundu la mwezi wa sita. Mashine yako ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inakuambia kwamba waya unailetea takataka, na kwamba haitaki kuziandika kwenye majina ya watu.

Nimemwuliza Surjit alitengeneza nini. Ameona haya, lakini amesema. Alikuambia waya umeumia mahali na utafutwe. Wewe ukamwambia huna muda, watu wanakulalamikia, azime hicho kinachopiga kelele. Akazima. Nimemgombeza mpaka Nikunj akatoka ofisini kwake kuangalia kuna nini. Tangu siku hiyo kompyuta yako inapokea chochote kinachokuja. Pakiti zilizoharibika sana inashindwa kuzisoma. Zilizoharibika kidogo zinapita, zinaandikwa, na wewe unazisoma mbele ya mkutano.

Sasa nijibu mambo mawili. Waya mliuchimbia wenyewe mwezi wa kwanza, uliupitisha wapi? Na kwa nini unaharibika asubuhi jua likishapanda, na si kila siku? Wa kwanza kwenye foleni namba zao ni safi. Mama hufika wa mwisho kwa sababu ya mguu wake, na Dominika humsubiri njiani watembee pamoja. Wao ndio wanaoangukia hapo.

Winfrida


Nyumbani, 9 Septemba 2024

Dada,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimejifungia. Nakujibu kwa ukweli na nakuomba unisome kama ndugu.

Kati ya mapokezi na ofisi kuna kihamba cha mzee Eliezeri, nyumba yake na migomba yake. Kupitisha waya kwake ilitakiwa niende na pombe ya mbege, nikae kwenye kigoda, nimwombe. Unajua maneno tuliyotupiana mimi na yeye juu ya ule mti wa mpakani. Sikutaka anione nimeinama. Nikapitisha kwenye mfongo, ule mfereji wa ukoo unaoambaa pembeni mwa kihamba chake. Ulikuwa mkavu tangu baba hajafa, umejaa majani na makopo, na hauna mwenyewe wa kuombwa. Nikaweka bomba la plastiki, nikafukia. Waya ulikuwa mfupi, tukauunga katikati na kuuzungushia utepe.

Mwezi wa tano wazee wakaitisha msaragambo. Wakausafisha mfongo kutoka kwenye chanzo mpaka bondeni, na maji yakarudi. Siku nyingine zamu ni ya wa juu, siku nyingine ni ya wa chini, na mgawa maji hufungua jua likishachomoza. Zamu ikiwa ya wa chini, maji yanapita juu ya ule waya. Mimi mwenyewe nilikuwa na jembe kwenye ule msaragambo. Nilijua uko pale. Nikasema moyoni upo ndani ya bomba, hautadhurika.

Sasa nisikilize. Waya nitauhamisha. Surjit aje awashe alichozima, kimya kimya. Mama asikiri, sawa, hilo nimeliacha. Mkutano ukipita na uchaguzi ukipita, mwezi wa kwanza nitaleta hoja kwamba wazee wasamehewe wote, na jina lake litarudi bila mtu kuuliza. Nikisimama leo kusema mashine ilikosea, wataniuliza nani alizima ukaguzi wake, nani alificha waya mfongoni, na nani alimsomea mama yake jina kwa kujiamini vile. Nitabaki na nini? Miezi michache tu, dada. Mama amevumilia makubwa kuliko haya.

Eliudi


Moshi, 13 Septemba 2024

Eliudi,

Kwa hiyo mama aendelee kuitwa mwizi mpaka wewe uwe mwenyekiti.

Nimeandika barua tatu za kukujibu nikazichana. Nina hasira na wewe ambayo sikujua ninaweza kuwa nayo kwa mtu niliyembeba mgongoni. Kukosea waya ningekusamehe, mafundi wenye vyeti wanakosea waya kila siku. Lakini sasa unajua. Umekaa ofisini, unamwona anamwaga maziwa kwenye migomba, unajua, na unaendelea kuandika.

Siku ya mkutano nitakuja. Mimi si mwanachama, lakini mashine imetoka dukani kwetu na Nikunj ameniruhusu nikaieleze. Nitakaa nyuma kabisa. Nakupa nafasi usimame wewe kwanza, useme kwa mdomo wako. Ukisema, mimi nitarudi Moshi bila kufungua mdomo, na wala sitamwambia mtu kwamba tuliandikiana.

Winfrida


Nyumbani, 1 Oktoba 2024

Winfrida,

Umenivua nguo. Nakupongeza, umeifanya vizuri, hata wasiojua kusoma walielewa.

Nilikuona nyuma. Niliona unavyonisubiri. Ajenda ikafika kwenye majina ya kufutwa, nikafungua mdomo, na nikasoma majina. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa usiku na mchana niseme, mke wangu ni shahidi, lakini niliwaona wameniangalia kwa ile heshima, na ulimi ukaenda kwenye karatasi. Ndipo ukasimama.

Ungeweza kueleza tu. Lakini ukaomba beseni la maji, ukachukua kile kipande cha waya ulichokifukua mwenyewe asubuhi bila kuniambia, ukaunganisha kipimo na kompyuta mbele ya watu, na ukaomba maziwa ya mwenyekiti. Si ya mwingine, ya mwenyekiti. Waya ukiwa mkavu yakasoma vizuri. Ukautumbukiza pale ulipoungwa ndani ya beseni, yakasoma mazito, watu wakacheka. Ukasubiri, ukapima tena yale yale, yakasoma maji. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akasema yeye hajawahi kuweka maji, na wewe ukamwambia kwa upole kabisa kwamba hata mama alisema hivyo hivyo na hakuna aliyemsikia.

Na Dominika akasimama kule nyuma, na kilemba chake, akauliza ile radhi aliyoomba atarudishiwa na nani. Hilo ndilo ninalolisikia nikilala. Aliniangalia mimi, hakumwangalia mwenyekiti.

Ukatibu nimeuacha kabla hawajaniondoa. Eliezeri alinifuata nje, nikadhani amekuja kunisimanga. Akasema ningemwomba angenipa njia.

Mama alitoka mkutanoni akiwa ameshikwa mkono na Dominika na hakugeuka. Nimemwomba Eliezeri anisindikize kwa mama Jumapili baada ya ibada. Nitampelekea jani la isale la kuomba radhi. Mtoto akimkosea mzazi na akaleta isale mkononi, hakuna wa kukataa, tangu babu zetu ni hivyo, na mama ni mtu wa mila ingawa ni Mlutheri. Atalipokea na yataisha. Wewe endelea na hasira zako hapo mjini. Mimi ndiye mtoto wa mwisho, mimi ndiye ninayebaki na nyumba yake na kaburi lake, na lazima nielewane naye.

Eliudi


Nyumbani, 13 Oktoba 2024

Mwanangu Winfrida,

Hujambo, na wajukuu zangu hawajambo? Mimi sijambo, mguu tu. Rachel amekaa hapa jikoni ananisubiri nimalize, kwa hiyo nitaandika kifupi.

Asante kwa ulichofanya. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili na nilitamani ardhi ipasuke, hata nilipokuwa natetewa. Kusemwa mbele ya watu ni kusemwa tu. Ushirika wamenirudisha. Karani mpya alikuja na karatasi ya kusema mashine ilikosea, akanywa chai, akaniuliza nitaanza lini kuleta maziwa. Nikamwambia ng'ombe amekauka. Hajakauka. Tunakunywa na Dominika, naye hapeleki tena, na yanayobaki nagandisha.

Eliudi alikuja na mzee Eliezeri, ameshika isale. Alipiga magoti hapo mlangoni akalia sana, na mimi nilimwonea huruma kwa sababu ni mwanangu. Isale halikataliwi. Nililipokea kwa mikono miwili, nikasema nimekusamehe, Eliezeri akashuhudia, tukaomba, nikawapa machalari ya ndizi wakala mpaka wakashiba. Sikudanganya, sina kisasi naye. Asubuhi nikiamka simwombei mabaya.

Lakini alipokuwa anasoma jina langu siku ile ya kwanza, alisoma kama anasoma matangazo ya kanisani. Alimeza mate, akageuza ukurasa, akaendelea na jina la mwingine. Sasa kila mtu ananieleza habari za mashine. Mashine sikuinyonyesha mimi. Mtoto niliyemnyonyesha alikuwa anakaa hatua chache na jiko langu, na hakuja kuniuliza. Na alipojua, akanipangia nisubiri uchaguzi. Hilo Dominika alilisikia kwa mke wa Eliudi mwenyewe, wewe ulinificha, na nashukuru ulijaribu.

Lile isale alilileta na kishina chake, zuri, kwa hiyo sikuliacha linyauke. Jumatatu nimechimba shimo katikati ya ua, pale kati ya nyumba yangu na yake, nikalipanda. Mengine nimeyakata kwenye ua wa zamani wa mpakani nikayapanga kwenye mstari huo huo mpaka chini kwenye migomba. Dominika alinisaidia. Eliudi alitoka, akasimama kwenye kizingiti chake, akatuangalia mpaka tukamaliza. Hakuuliza, maana mtoto wa huku hahitaji kuelezwa masale yakipandwa kwa mstari maana yake ni nini, na anajua kwamba hakuna mtu wa kuyang'oa, hata mimi nikishakufa. Mzee Eliezeri alipita jioni, akayaona, akavua kofia akaendelea na njia yake.

Krismasi ukija na watoto, msikatize uani kwa Eliudi kama mlivyozoea. Zungukeni njia ya kanisani. Ni mbali kidogo na kuna utelezi, mje na viatu vizuri.

Mama yako,
Violet